Shauri la Fundi: Taa ya Injini ni Shahidi, Si Hakimu

Wasomaji wangu, juma hili nilikusudia kuendelea na habari za breki, lakini nimepokea barua ambayo haifai kungojea. Imetoka kwa mkulima mmoja wa upande wa Ol Kalou, mtu mzima, mwenye ng'ombe sita wa maziwa na gari moja la Toyota Corolla la mwaka 1994. Kila siku alfajiri hupakia mitungi yake katika gari hilo na kuipeleka kwenye mtambo wa kupozea maziwa wa chama chao cha ushirika, na njiani kuna kilima kirefu.

Mzee huyo aeleza kwamba kwa muda wa miezi miwili taa ndogo ya manjano, yenye sura ya injini, imekuwa ikiwaka mbele yake. Gari huenda vizuri penye tambarare, lakini likifika kilimani huanza kukohoa na kupungua nguvu, na mara mbili limezima kabisa. Alilipeleka kwa fundi. Fundi alisoma namba ya hitilafu, akapata 25, akasema kuwa kile kifaa cha kupima moshi kilichomo katika ekzosi kimekufa. Kikanunuliwa kingine. Taa ilikaa siku tatu bila kuwaka, kisha ikawaka tena. Fundi akasema kwamba hicho kipya nacho kilikuwa kibovu, basi kikanunuliwa kingine tena. Ili kulipa gharama hizo mzee alimwuza mtamba mmoja. Na siku aliyoniandikia, gari lilikuwa limesimama kilimani muda wa saa tatu. Maziwa yakaanza kuchacha, na karani wa mtambo, baada ya kuyapima, akayakataa yote. Barua yake yaishia kwa swali: je, aliuze gari, au amwuze mtamba wa pili?

Niliona swali hilo si la kujibiwa kwa kalamu peke yake. Jumamosi iliyopita nilifunga safari kwenda kumwona. Lakini kabla ya kuwaambia tuliyoyakuta, yafaa kwanza tuelewane juu ya taa hii na namba zake, maana magari ya namna hiyo ni mengi katika nchi yetu, na wengi wanaoyaendesha hawajui kwamba wanaweza kuzisoma namba wenyewe bila kulipa hata senti.

Magari mengi ya petroli ya miaka ya 1990 hayana kabureta. Petroli husukumwa na pampu iliyo ndani ya tangi, hupita katika chujio, kisha hupulizwa kwa nozeli ndogo karibu na kila silinda. Ni kompyuta ndogo inayoamua kiasi cha petroli cha kupuliza. Kompyuta hiyo haina macho wala pua. Yategemea vifaa vya kupima vilivyowekwa mahali mbalimbali: kimoja hupima joto la maji, kingine hewa iingiayo, kingine jinsi ulivyokanyaga mafuta, na kimoja, kilicho katika ekzosi, hupima hewa ya oksijeni iliyobaki katika moshi. Kifaa kimojawapo kikileta habari isiyo ya kawaida, kompyuta huwasha taa na kuandika namba katika kumbukumbu yake.

Ukitaka kuisoma namba hiyo katika Toyota za miaka hiyo, fungua boneti utafute kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko, ambacho juu yake pameandikwa neno la Kiingereza "Diagnosis". Ndani ya kifuniko mna ramani ya vitundu vyake. Hakikisha betri ina nguvu ya kutosha, gia haijaingizwa, taa na redio zimezimwa, wala hujakanyaga mafuta. Chukua kipande kifupi cha waya, uunganishe kitundu cha TE1 na kile cha E1. Kisha fungua ufunguo wa gari bila kuwasha injini, uitazame taa. Nasisitiza: TE1 na E1, si vingine. Mtu akikosea akaunganisha kitundu chenye umeme wa betri na kile cha E1 aweza kuunguza nyaya, hata kompyuta yenyewe.

Taa itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa haraka, kama mara mbili kwa kila sekunde, bila kupumzika, maana yake ni kwamba hakuna hitilafu iliyoandikwa. Kama ipo, itakonyeza kwa hesabu. Kwa mfano, namba 25 hukonyezwa mara mbili, taa ikapumzika sekunde moja na nusu, kisha ikakonyeza mara tano. Zikiwapo namba nyingi, ile ndogo hutangulia, na baada ya zote taa hupumzika kitambo kirefu zaidi na kuanza tena. Andika ulichohesabu katika daftari, pamoja na tarehe. Usitegemee kichwa.

Namba zenyewe hutofautiana kidogo kwa kila injini, kwa hiyo ni vizuri kuwa na kitabu cha gari lako. Hata hivyo, hizi zapatikana mara nyingi: 12 na 13 ni habari za mzunguko wa injini, zitokazo katika distribyuta; 14 ni umeme wa kuchoma petroli; 21 ni kipimo cha oksijeni; 22 ni kipimo cha joto la maji; 24 ni joto la hewa iingiayo; 25 ni mchanganyiko ulio na petroli kidogo mno; 26 ni mchanganyiko ulio na petroli nyingi mno; 31 ni kipimo cha hewa; 41 ni kipimo cha kanyagio la mafuta. Namba 51 isikutishe. Mara nyingi huonekana kwa sababu tu umekanyaga mafuta au umeacha kipoza hewa kikifanya kazi wakati wa kusoma.

Sasa tuitazame hiyo 25, maana ndiyo iliyomla mtamba wa mzee wetu. Kifaa cha katika ekzosi hutoa umeme mdogo sana. Petroli ikizidi, umeme hupanda karibu na volti 0.9, hewa ikizidi, hushuka karibu na volti 0.1. Katika injini nzima iliyopata moto, mshale wa kipimo huenda juu na chini bila kukoma. Umeme ukikaa chini muda mrefu, kompyuta huandika 25. Yaani kompyuta yasema: "Naambiwa kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli." Haisemi kifaa kimekufa. Pengine kifaa ni kizima kabisa, nacho chasema kweli tupu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaifanya namba kuwa hukumu. Namba ni shahidi tu. Shahidi aliyeona moshi juu ya nyumba aweza kusema "nimeona moshi". Hawezi kujua kama ni mama apikaye au ni paa linaloungua. Na mtu anayembadilisha shahidi kwa sababu hakuupenda ushahidi wake, atapata shahidi wa pili na wa tatu watakaosema maneno yale yale. Ndivyo ilivyokuwa kwa vifaa viwili alivyonunua mzee: vyote viwili vilisema kweli, navyo vikalaumiwa.

Basi turudi Ol Kalou. Nilifika saa nne asubuhi, nikakaribishwa chai kwanza, kama ilivyo desturi. Kisha tukaligeukia gari. Tulisoma namba pamoja, mzee akihesabu kwa sauti: mbili, tano. Hapakuwa na nyingine. Tulikagua mipira yote ya hewa iliyo juu ya injini, maana mpira uliopasuka huingiza hewa isiyopimwa na kuleta namba hiyo hiyo. Mipira ilikuwa mizima, wala hapakusikika mlio wa hewa ifyonzwayo.

Nikamwuliza, "Mzee, petroli unainunua wapi?"

"Mjini, Bwana Fundi. Kituo chenyewe ni kizuri, sijawahi kusikia ubaya wake."

"Na ukiisha kuinunua?"

Mzee akanitazama kidogo, kisha akanionyesha pipa la chuma nyuma ya ghala. Alieleza kwamba mji uko mbali, tena bei ya petroli hubadilika kila mwezi. Na kweli, Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli hutangaza bei mpya tarehe 14, nayo huanza kutumika siku inayofuata. Akiona dalili kwamba bei itapanda, mzee hujaza pipa lake kabla ya siku hiyo, kisha huwa anachota kidogo kidogo. Kwa hesabu ya shilingi alikuwa na akili. Lakini hesabu ya pipa ni nyingine.

Nchi ile iko juu, kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua hulipasha pipa joto. Usiku baridi ni kali. Pipa lililo nusu tupu huvuta hewa yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka matone ya maji penye ubavu baridi wa chuma, kama jasho la mtungi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huteremka na kukaa chini. Huko chini hula chuma, na chuma hugeuka kutu. Mzee akichota petroli ikiwa imekaribia kwisha, huchota pia maji na kutu, akavitia katika tangi la gari.

Tulifanya jaribio ambalo mtu yeyote aweza kulifanya. Tulitwaa chupa ya kioo isiyo na rangi, tukaijaza petroli iliyotoka chini ya pipa, tukaiacha imesimama nusu saa kivulini. Tulipoitazama tena, chini yake palikuwa na maji yapatayo upana wa kidole, na juu ya maji hayo utando wa vumbi jekundu. Mzee hakusema neno. Mwanawe, ambaye ni karani katika ofisi ya chama, ndiye aliyesema, "Baba, hii ndiyo ile 25."

Hata hivyo sikutaka tuamini chupa peke yake. Katika kile kisanduku cha boneti mna vitundu vingine viwili, B+ na FP. Ukiviunganisha na kufungua ufunguo bila kuwasha injini, pampu ya petroli hufanya kazi peke yake. Tulifanya hivyo, tukaisikia pampu ikivuma katika tangi. Basi ilikuwa hai. Lakini kipimo cha nguvu ya petroli, nilichokifunga upande wa mbele wa chujio, kilitoa habari nyingine. Injini hii, mpira mdogo wa mvuto wa hewa ukiwa umechomolewa, yataka ratili 38 hadi 44 kwa kila inchi mraba. Tulipata 30, na injini ilipowashwa na kukanyagwa mafuta kipimo kikashuka chini ya 20. Hiyo ndiyo sababu gari lilikwenda vizuri penye tambarare na kushindwa kilimani. Penye tambarare injini hutaka petroli kidogo, na hicho kidogo kiliweza kupenya. Kilimani, na mitungi imejaa, hutaka nyingi. Nayo haikuweza kupita.

Tulipolifungua chujio na kulimimina, kilichotoka kilikuwa kama chai ya rangi. Tulilitoa tangi, tukalisafisha, tukaweka chujio jipya. Bei ya chujio hilo haikufika hata sehemu ya kumi ya fedha zilizotumika kwa vile vifaa viwili. Kisha tulizima ufunguo, tukachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI muda wa dakika moja ili kumbukumbu ifutike, tukairudisha. Mzee alipakia mawe yenye uzito kama wa mitungi yake, tukapanda kilima. Gari halikukohoa hata mara moja. Alhamisi ya juma hili ameniletea habari kwa simu kwamba taa haijawaka, na maziwa yamepokelewa kila siku.

Simlaumu sana yule fundi. Aliisoma namba sawasawa. Kosa lake ni kusimama hapo. Nawe msomaji, ukiwa na gari la zamani, nakusihi ushike utaratibu huu kabla ya kununua kifaa chochote kwa sababu ya namba.

Kwanza, hakikisha taa yenyewe ni ya kuaminika. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake. Injini ikiwaka, izime. Isipowaka kabisa, balbu imeungua, au imetolewa makusudi. Mtu anayenunua gari kuukuu asisahau kutazama jambo hili, kwa maana wako wauzaji wanaoona ni rahisi kuitoa balbu kuliko kuiponya injini.

Pili, jiulize ni lini hitilafu hutokea. Gari linaloshindwa kilimani au likiwa na mzigo huenda likawa na njaa ya petroli. Gari linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi, au linalotoa moshi mweusi na kula petroli nyingi, huenda likawa na kipimo cha joto la maji kinachoidanganya kompyuta.

Tatu, ipime petroli. Jaribio la chupa nimekwisha kulieleza. Kama washuku kwamba imechanganywa na mafuta ya taa, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe safi. Petroli njema hukauka upesi bila kuacha alama. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Jaribio hili si la mahakamani, lakini hukufungua macho. Uchanganyaji huo ulikuwa umezidi kiasi cha kwamba mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwe mbali na ya petroli na dizeli, na wachanganyaji wakose faida. Lakini sheria haiwezi kulinda tangi la kila mtu. Mlinzi wa kwanza ni mwenyewe.

Nne, badilisha chujio, upime nguvu ya petroli, ukague mipira ya hewa. Tano, ndipo ukipime kifaa chenyewe kwa kipimo cha volti. Kikionyesha ubovu hapo, kinunue kwa moyo mweupe.

Wenye magari ya kabureta wataniuliza, "Na sisi tusio na taa?" Ninyi mnazo plagi. Ifungue plagi baada ya mwendo mrefu uitazame ncha yake. Ikiwa ya kahawia hafifu, injini yala vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama jivu, petroli ni kidogo au joto limezidi. Ikiwa imelowa mafuta mazito, tazama ringi za pistoni. Na wenye magari mapya zaidi, yenye tundu la pini 16 chini ya usukani, ambalo Marekani ililazimisha kwa magari ya modeli ya mwaka 1996 na kuendelea, watasomewa P0171 mahali pa 25. Jina ni jingine, ushahidi ni ule ule: petroli kidogo, hewa nyingi.

Mwisho, neno la usalama. Kabla ya kufungua chujio, ondoa waya wa betri ulio upande wa hasi, ufanye kazi hiyo nje, mbali na moto na sigara, na uzungushe kitambaa penye nati, kwa sababu petroli hukaa ndani kwa nguvu hata injini ikiwa imezimwa. Usifyonze petroli kwa mdomo. Tone lake likiingia katika mapafu laweza kuua. Chupa ya jaribio usiirudishe jikoni, watoto wasije wakadhani ni kinywaji. Na mapipa ya petroli karibu na nyumba ni hatari kwa jamaa nzima, hata yakiwa matupu, maana mvuke wake hulipuka upesi kuliko petroli yenyewe.

Mzee wetu amekwisha kuliondoa lake. Aliniambia kwamba faida aliyokuwa akiipata kwa kununua kabla ya tarehe 15, kwa mwaka mzima, isingeweza kumnunua hata ndama. Na mtamba wake wa pili bado yuko zizini.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye breki.